Bafle za Mawese

Jumatatu, 6 Oktoba
Jumamosi wanakuja kumposa Teta wangu. Silali tena. Shema mwenyewe hana shida, kijana mzuri, anampenda. Shida iko kwa mjomba wake, mzee Sebahire wa Kigali. Ndiye msemaji wao, na alishamchagulia Shema binti wa rafiki yake. Teta ameniambia huku analia: mama, huyo mzee anakuja kutafuta kasoro tu, aipate, asimame, arudi na watu wake.

Bon. Kwangu hataipata.

Jirani Mukandori amekuja eti kunisaidia. Ana bafle za kukodisha, masanduku ya spika marefu kama kabati. Atatuletea bure, maana wageni wa Kigali hawawezi kuchezeshwa na muziki wa simu, maskini Mama Teta. Maskini! Nimemjibu asante dada, za kwetu ziko kwa fundi.

Fundi ni mimi.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimevunja kitanda cha wageni. Mbao safi, kavu. Spika nimezitoa kwenye redio kubwa ya Kayitare, bwana yangu. Ameuliza habari atasikilizia wapi. Nimemwambia habari ni kwamba binti yako anaolewa.

Tundu la spika nimelichora kwa mfuniko wa sufuria. Kumbe mfuniko ni wa sufuria kubwa! Spika imepita yote, puu, ndani. Ubao mwingine.

Jumatano, 8 Oktoba
Zimesimama, zinafika magotini! Moja imeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza umbea. Nilisikia bafle haitaki hewa itoke, donc nyufa nimeziziba kwa fufu, ugali wa jana. Kuku wamekula fufu. Sasa wimbo wa kanisa unatoka na mluzi. Kayitare amesema kwaya imepata mwimbaji mwenye pengo. Nimeziba tena, kwa gundi. Gundi kuku hawataki.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mukandori amechungulia juu ya ua. Ameuliza kuku wangu watahamia lini nyumba mpya.

Yebabawe! Nimekimbia sokoni kununua verni ya kung'arisha mbao. Nimerudi na chupa ndogo, haitoshi hata bafle moja. Nimekaa, nimefikiri. Kitu gani kinang'aa kuliko vyote? Mawese! Nimechanganya nusu kwa nusu. Rangi imetoka nyekundu, ya kifalme. Teta ameuliza kama mafuta ya kupikia yanakauka. Nimemwambia mutoto wangu, kwani mi nimeanza kupika leo?

Ijumaa, 10 Oktoba
Mvua toka asubuhi. Hazijakauka. Nimezipepea kwa sahani. Nimepaka mkono wa pili ili ukaushe ule wa kwanza. Nzi watatu wamenasa. Nimewapaka na wao.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mikono bado inanata. Naandika hivyo hivyo.

Wageni walifika saa nne. Bafle zilinguruma! Mukandori akatikisa mabega na muziki. Nikajua nimeshinda. Hapo hapo kiti cha plastiki cha mzee Sebahire kikavunjika mguu. Mzee mnene, amejifunga mushanana, vazi la sherehe, mweupe pe. Nikaona macho yake: kasoro ya kwanza. Nikatandika kitenge juu ya bafle moja, kitenge kizito, verni haiwezi kupita. Nikamwambia baba, karibu kiti cha heshima. Akakaa.

Kayitare akaanza utani wa desturi, kwamba binti hatuna, ameenda Nyakiriba kuchimba viazi. Watu wakacheka. Sebahire hakucheka. Akasema kama binti hayupo, basi wao wanarudi kwao.

Ndiyo ile sababu aliyoitafuta! Nyuma ya pazia nikasikia Teta anaanza kulia.

Mzee akasimama. Bafle ikasimama naye.

Akavuta. Mushanana, kitenge, sanduku, vyote kitu kimoja, na muziki unampigia makalioni. Akageuka kulia, bafle nayo kulia. Watu wake mwenyewe wakaanguka kwa kicheko. Ndipo Kayitare, mtu asiyesema maneno kumi kwa wiki, akasema polepole: wazee, sisi tulidhani mmekuja kuchukua, kumbe mmemleta muzee wenu abaki?

Sebahire akatazama mlango. Akatazama bafle. Tumbo lake likaanza kutikisika. Nikadhani ni besi. Ni kicheko! Akasema bon, kwa kuondoka ameshindwa, afadhali aombe binti. Akataja ng'ombe wa mahari, kisha akaomba maji ya moto na sabuni.

Teta akatoka, machozi na meno pamoja.

Jumapili, 12 Oktoba
Teta amenikumbatia. Kisha ameniapisha: harusini tukodi bafle za Mukandori. Nimeapa. Bafle sitengenezi tena.

Mbao zilizobaki nimezigeuza benchi la maharusi. Kosa langu nimeshalijua: mawese yalikuwa kidogo. Leo nimeweka mengi, verni tone tu kwa harufu. Harusi ni Desemba, litakuwa limekauka vizuri.

Nasikia Kayitare ananiita kutoka uani. Ameenda kulijaribu benchi. Anasema nije haraka na maji ya moto, na nisije na kitenge.