Hodhi Jeupe la Swala

Jumatatu, 4 Machi

Joto la leo lingeweza kuivisha yai utosini. Lakini si joto lililonikasirisha. Ni kura.

Kikao cha watu wa kujitolea, nyumbani kwa Madam Kerubo, mwenyekiti wetu, mtaa wa Hai Malakal. Sisi ndio tunaopeleka maji kwa swala wa uwanda wa mashariki, mwendo wa saa mbili kwa lori ukishavuka daraja. Dimbwi lao limekauka, udongo umepasuka kama kisigino. Leo tulichagua ramani ya hori la kunyweshea. Yangu: ukuta wa kufika kiunoni, vigae vya buluu, maji yakimwagika kutoka kinywani mwa simba wa saruji. Ya Mugisha, Mganda anayeuza matangi na mabomba katika soko la Custom: kisahani cha saruji kilicholala chini, kama sufuria iliyokanyagwa na gari.

Kura tisa kwa sufuria. Moja kwa simba. Hiyo moja niliipiga mimi.

Nhial, aliyekuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini, alieleza kwamba swala hanywi mahali asipoweza kuona kinachomjia. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama nimewahi kumwona swala akimkimbilia simba. Wakacheka. Miaka kumi na saba ya ufundi bomba, mitano kati yake katika hoteli kubwa hapa Juba, halafu nachekwa na mtu asiyejua nati ni nini!

Nilitoka kwa heshima. Nje nikapiga teke kijiwe. Kumbe kijiwe kilikuwa ncha tu, jiwe lenyewe lilikuwa ardhini. Kidole gumba kimevimba.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda Custom kumchokoza Mugisha mbele ya wateja wake. Mpango: apandwe na hasira, watu wamjue alivyo. Nikamwambia mabomba yake ni membamba. Akakubali kwamba mengine ni membamba. Nikamwambia lile tangi la kijani linavuja. Akalikagua, akakuta linavuja kweli, akanishukuru. Mkewe, Sanyu, akaona ninavyochechemea, akaniletea kiti na soda baridi.

Nimeinywa yote kwa hasira. Mtu wa namna hii ni hatari.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya ujenzi. Watu kumi juani, Mugisha akichanganya saruji na kuimba. Anaimba vizuri pia. Ilinichoma.

Tangi limekaa juu ya mawe, bomba linashuka hadi kwenye sufuria yake, na boya linafungua na kufunga maji lenyewe. Kazi safi. Nilitafuta kosa saa nzima, sikulipata. Nimeudhika mno.

Swala walisimama mbali wakitutazama, mbavu zao nje. Kama thelathini hivi. Nhial alisema wanasikia harufu ya maji kwenye madumu yetu, na kwamba safari hii hawana dimbwi jingine la kukimbilia. Madam Kerubo akauliza nani atasindikiza lori la maji Jumanne, saruji ikishakauka, alijaze tangi. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Akasema, mbele ya wote, kwamba kumbe nina moyo mkubwa.

Ninao. Na ndani yake nina mpango.

Jumanne, 12 Machi

Imefanyika!

Ile hoteli niliyofanyia kazi ilikuwa imetupa jalalani hodhi la kuogea la chumba cha wageni wakubwa. Jeupe, refu, lina miguu ya shaba. Nililifunga nyuma ya lori. Lual, dereva, hakuuliza kitu. Yeye hata ningepakia mwenyekiti wa benki angeuliza tu kama amefungwa vizuri.

Tulijaza tangi. Lual akalala chini ya lori. Mimi nikaliburuta hodhi hatua mia mbili hadi nyuma ya vichaka vya miiba, nikalaza mpira wa maji kutoka kwenye tangi, nikaufukia kidogo, nikalijaza hodhi hadi kwenye ukingo. Ubavuni nimeandika kwa rangi nyekundu: ALFAYO, RAFIKI WA SWALA. Halafu nikaifunga koki ya sufuria ya Mugisha na kuyakausha maji yaliyokwisha kuingia. Kwa siku chache tu! Jumamosi watu wakija watakuta sahani kavu, watatahayari, watafuata nyayo, nyayo zitawafikisha kwenye hodhi langu, na swala wote watakuwa wamelizunguka wakinywa. Sitasema neno. Nitasimama tu kando.

Nimejizoeza kusimama kando mbele ya kioo.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika mdomo umevimba.

Tulifika saa nne asubuhi. Sahani kavu, sawasawa na mpango. Lakini nyayo hazikwenda popote. Zilizunguka tangi, zikazunguka sahani, zikazunguka tena, mamia kwa mamia, hadi udongo umekuwa unga. Saruji ilikuwa imelambwa ikang'aa. Na kando yake alilala swala jike, shingo imenyooka chini, jicho wazi. Nilidhani amekufa. Kisha nikaona ubavu ukipanda.

Nhial alipiga magoti, akavua kofia, akaijaza maji kutoka kwenye dumu, akawa anamdondoshea mdomoni kidogo kidogo. Hakutazama mtu. Alipoinuka alikwenda kwenye tangi, akashika koki, halafu akaufuata mpira kwa kidole, hatua baada ya hatua, mpaka vichakani. Sote tukamfuata. Mimi nyuma kabisa.

Ndani ya hodhi langu kulikuwa na mtoto wa swala. Alikuwa amekuja kunywa, akateleza. Pua tu ndiyo ilikuwa juu ya maji. Kila akijaribu kusimama kwato ziliteleza kwenye ule weupe na kichwa kikazama. Nhial alisema ameingia asubuhi hiyohiyo, maana bado ana nguvu ya kupiga mateke. Angeingia jana, tungemkuta ameelea.

"Ustaz," Nhial akaniambia, "hii koki imefungwa na mkono wa mtu."

Jina langu lilikuwa pale, jekundu, herufi za urefu wa shibiri.

"Uliwafungia maji?" Madam Kerubo akauliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nilianza kueleza kuhusu ukubwa wa mabomba. Mugisha tayari alikuwa ameingia ndani ya hodhi na viatu vyake.

"Ndugu, shika miguu ya nyuma," akaniambia. "Mimi iko na kichwa."

Nikaingia. Nikashika. Nikapigwa teke la mdomo, jino la mbele likaenda na maji. Sikuachia. Hilo liandikwe: sikuachia. Tulimtoa, tukamweka kwenye nyasi, akatetemeka, akaanguka, akasimama, akaelekea moja kwa moja kwa yule jike aliyelala. Kumbe ni mama yake. Yule jike alipomsikia aliinua shingo. Baada ya saa moja hivi alisimama.

Nilijifuta uso kwa mkono, mkono ukarudi umelowa. Damu ya jino, nadhani.

Mugisha alifungua koki. Maji yakajaa sahani. Tulirudi nyuma ya lori, na wale swala wakaja mmoja mmoja, hawakusukumana, wakanywa huku wakitutazama. Mugisha akanipa leso yake kwa ajili ya mdomo. Hakuniuliza kwa nini nilifanya. Sijawahi kumchukia mtu kiasi hicho.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya ibada, hukumu. Kikao kizima, barazani kwa Madam Kerubo. Wawili walitaka nifukuzwe. Nani alinitetea? Mugisha! Alisema fundi anayeweza kutandika mpira wa hatua mia mbili peke yake juani asitupwe. Nhial alisema yeye angenifukuza, ila nilishika miguu na sikuachia.

Basi nimebaki. Masharti: nitabeba madumu, sitagusa spana bila ruhusa, na kila Jumanne nitakwenda kupima maji ya sahani pamoja na Nhial, ambaye sasa hazungumzi nami. Hodhi linarudi mjini, Sanyu atalifanya la kufulia.

Nimekubali. Lakini kwa haki kabisa, hata swala wana lawama. Hodhi lilijaa siku nne, hatua mia mbili, na hakuna aliyejisumbua kutazama nyuma ya kichaka isipokuwa mtoto mdogo! Nimemweleza Madam Kerubo hivyo. Akaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Jumamosi, 23 Machi

Madumu kumi na nane. Mgongo umekwisha.

Mama na mtoto walikuja kunywa. Mtoto aliinama, akakohoa maji puani, akanywa tena. Nhial alinigusa bega mara moja, akaenda zake. Nilisimama pale muda, dumu mkononi. Nilikuwa nimetulia. Karibu niandike kwamba nilikuwa na furaha.

Halafu akaja Teopista, mwalimu, mgeni wa Madam Kerubo. Ana watu wake wanaopanda miti ya kivuli kwenye viwanja vya shule, nao wanatafuta mikono. Akasifu kiongozi wao, mtu anayeitwa Puok. Miaka sita, hajakosa siku. Anamwagilia kila mche mwenyewe, kwa kikombe. Watoto wanampenda, wazazi wanampenda, hata mbuzi wa jirani hawali miti yake.

Kwa kikombe!

Nimemwambia Teopista nitafika Jumatatu asubuhi. Mtu anayependwa na kila kiumbe namna hiyo ana kasoro mahali fulani, na kasoro hiyo inamsubiri fundi.