Kuku wa Mirriam na Alternata Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Aibu. Taa nyekundu ya betri imewaka, kisha gari la marehemu mume wangu Javan likazima mbele ya duka la nyama, mwanangu Shiundu akiwa kwenye usukani. Nyongesa, fundi wa umeme wa magari hapa Umoja, anasema alternata, kile chombo cha kuchaji betri, imegoma. Nimwachie mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo! Mjukuu wangu Mourine anaolewa Jumamosi, na nimeshatangaza kanisani kwamba ataenda kwa gari la babu yake.

Jirani yangu Mirriam amesikia. Kwa upole mwingi amenikumbusha kwamba mwanawe Kim ana Toyota. Upole wa Mirriam huniwasha kama upupu.

Nitaitengeneza mwenyewe. Nimezalisha nusu ya wanawake wa ploti hii. Chuma kitanishindia wapi?

Jumanne, 5 Agosti

Nimempelekea Nyongesa chapati, nikakalia jerikeni lake nikijifanya nimechoka miguu. Kumbe namchungulia akifungua alternata ya mtu. Rahisi! Unang'oa waya wa betri kwanza. Unalegeza mkanda. Ndani mna vijiti viwili vya makaa, wao huviita brashi, vikisagika umeme hakuna. Akaniuliza kama nataka kumnyang'anya kazi. Nikamwambia atafune kwanza.

Brashi mpya nimenunua. Mwenye duka la vipuri alicheka. Hajui anacheka na nani.

Jumatano, 6 Agosti

Imetoka! Shiundu alilegeza boliti, mimi nikamaliza. Nyaya tatu nyuma. Herufi zake ndogo kama mayai ya chawa, na mimi kusoma nimeanza juzi, na mvi zangu. Basi nimeweka alama zangu. Waya mnene, punje ya mahindi. Mwembamba, haragwe. Wa tatu, ndengu. Zote nimezibandika kwa ugali. Akili hiyo haifundishwi shuleni.

Mirriam amepita akauliza kama napika githeri ya mahindi na maharagwe. Nimemwambia apite salama.

Alhamisi, 7 Agosti

Kuku wa Mirriam amekula alama zote! Mahindi, haragwe, ndengu, hata ugali. Nimemfunika kwa karai. Mwenyewe alipokuja kumdai, nimemwambia kuku wake amekula gari.

Nikaunganisha kwa kukisia. Waya wa betri nilikuwa nimeurudisha mapema, kuokoa wakati. Cheche, moshi, harufu ya nywele. Kim akachungulia mlangoni akasema, "Shosho, si utumie tu Toyota." Nimemtafutia ufagio.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyongesa amekuja. Ametazama alternata kama anayetazama maiti. Imeungua, haitapona leo.

Mourine aliponiona na masizi puani, alicheka, kisha akalia. "Kukhu, mimi sikuomba gari. Nimeomba ukae kando yangu." Nimemkumbatia, nguo yake ikapata grisi. Nimemwambia atapata vyote viwili.

Halafu nikamvuta Nyongesa kando. Akakubali kwamba betri iliyojaa inaweza kufikisha gari kanisani Makadara bila alternata, mradi tusiwashe kitu kingine. Betri iliyojaa! Nimebeba kuku kwapani hadi kwa Mirriam. Nikawaambia yeye na Kim, Toyota siitaki, nataka betri yake. Mirriam akakubali: nirudishe kuku, na yeye akae kiti cha mbele. Kiti cha mbele! Nimemeza mate machungu, nimekubali.

Jumamosi, 9 Agosti

Mourine kama malaika. Nimekaa kando yake, nimemshika mkono tangu Umoja. Mbele, kofia ya Mirriam imejaa kioo kizima.

Kwenye Barabara ya Jogoo niliona watu hawatuangalii vya kutosha. Nikaamuru Shiundu awashe taa zote. Akakataa. Nikamkumbusha nani alimzaa. Akawasha, na honi akaibonyeza bila kuachia. Watu wakatuangalia. Gari likazima.

Tulisukumwa hadi kanisani. Aliyesukuma kwa nguvu kuliko wote ni Mirriam, viatu mkononi, akiimba. Mourine akacheka mpaka kwa mchungaji. Lakini ameshuka kutoka gari la babu yake. Nani anabisha?

Jumapili, 10 Agosti

Wanawake kanisani wamenisifu kwa kutengeneza gari. Sikuwakatiza.

Sasa Toyota ya Kim haiwaki. Ati nilimrudishia betri imekufa, inataka kuchajiwa tu. Vijana hupenda njia ya mkato. Mirriam amekuwa dada yangu tangu jana, siwezi kumwachia mwanawe tatizo nusu.

Kim bado amelala. Alternata yake nimeshaitoa.