Miche Elfu Tatu ya Giakanja

Jumatatu, 8 Julai 1996
Barua kutoka Denmaki! Vijana wanne wanakuja Alhamisi kuona kitalu chetu cha miche elfu tatu. Wakiridhika, mwenyekiti wa kikundi chetu cha vijana hapa Giakanja atapelekwa kwao miezi mitatu kusomea maendeleo. Mwenyekiti ni mimi, Gicheru. Tatizo dogo: kitalu hakipo. Kiko kwenye ombi la ufadhili tu. Niliandika vizuri mno.

Jumanne, 9 Julai
Wachuka ana kitalu cha kweli kule mtoni. Yeye na wasichana wenzake humwagilia kila asubuhi. Nimemwomba anikopeshe miche, siku moja tu. Akauliza, "Ati miche ni sufuria?" Wivu!

Jumatano, 10 Julai
Akili ni mali. Nimekata matawi kwenye fensi ya mitarakwa ya mama, nikayachomeka kwenye pakiti za maziwa zilizojaa udongo. Mia mbili. Hiyo mingine nitasema tumeshaipanda mlimani. Mama akauliza ng'ombe watazuiwa na nini sasa. Nikamwambia maendeleo yana gharama. Katibu wetu, Theuri, aliokoka mwezi uliopita na amekataa kudanganya. Nimemsihi basi anyamaze.

Alhamisi, 11 Julai
Wageni wamefika, pamoja na chifu. Hotuba yangu ilipigiwa makofi. Kisha binti mmoja, Kirsten, akavuta mche. Ukachomoka kama kijiko kwenye uji. Akauliza mizizi iko wapi. Nikajibu ni aina ya kienyeji, mizizi huja baadaye. Akaandika! Nimepona! Ndipo akamgeukia Theuri.
Theuri akavua kofia. "Bwana asifiwe. Hiyo ni fensi ya mamake. Aliikata jana."
Chifu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Ijumaa, 12 Julai
Ng'ombe wamepita penye pengo, wakamaliza kabichi za jirani yetu Kingori. Mama haongei nami. Wageni wamehamia kwa Wachuka. Nimewachungulia kutoka ng'ambo ya mto: wanabeba samadi, wanacheka. Wachuka akaniona. "Gicheru, niko na jembe moja hapa. Kuja!" Nikasema nina mkutano. Nimejificha nyuma ya mti saa mbili nzima. Kulikuwa na baridi.

Jumapili, 14 Julai
Imetangazwa kanisani: Wachuka ndiye anayeenda Denmaki. Vigelegele! Mama yangu aliwashinda wote. Mimi pia nilipiga makofi. Mara tatu. Nje, Wachuka alinishika mkono, akaniomba nimwagilie miche yake akiwa huko. Alisema kwa upole. Nikamwambia nitafikiria.
Nimefikiria. Kosa lilikuwa miti. Mti unavutika. Ombi jipya nimeshalianza: ufugaji wa nyuki, mizinga mia moja. Hakuna mgeni atakayeingiza mkono kuhakikisha.