Mwenyekiti Amehamia kwa Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Iandikwe na ihifadhiwe: leo, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, nimeachwa. Si na mke. Mke yupo, tena alikuwa mmoja wa mashahidi. Nimeachwa na paka.

Ana miaka tisa. Jina lake Mwenyekiti, kwa kuwa hajawahi kusimama mahali anapoweza kukaa. Miaka yote hiyo ameshinda juu ya meza yangu ya ushonaji, upande wa kushoto, kando ya pasi. Mimi nashona, yeye anasinzia. Wateja wamembembeleza, hakugeuka. Majirani wamemwita kwa samaki, hakugeuka. Nilikuwa nawaambia kwa upole, ili wasiumie: huyu hapendi watu, ananipenda mimi.

Tangu Ijumaa nilimwona akichungulia sebuleni. Leo amenipita mkia juu kama mtu asiyenijua, akaenda kupanda kwenye goti la shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, dereva wa lori mstaafu. Alikuja kwa siku tatu kutibiwa goti. Hii ni wiki ya tatu. Anajinyoosha kwenye kiti kirefu, chupa ya mpira yenye maji ya moto juu ya goti, taulo juu ya chupa, na sasa paka wangu juu ya taulo. Nilimwambia amshushe. Akajibu kwamba yeye ni mgonjwa na hajamwita mtu.

"Paka hana ndoa, shemeji," akasema. "Usinune."

Sikununa. Nilirudi kazini nikanyamaza kwa kishindo.

Mke wangu akaja kuuliza kama nimeipeleka pasi kwa fundi. Imekufa tangu Alhamisi. Mtu anaungua moyo, mwenzake anauliza habari za pasi!

Jumanne, 4 Juni

Nimefanya uchunguzi. Saa tatu hadi saa sita: goti la shemeji. Saa sita: ameshuka kula chakula nilichomwekea mimi, kwenye sahani niliyoiosha mimi. Saa sita na robo: goti.

Nimemtandikia mezani kipande cha bahameli nyekundu, kile nilichokuwa nakihifadhi. Amekikalia kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akashuka.

Kazi haiendi. Bila pasi nanyoosha mishono kwa ukucha na mgongo wa mkasi. Ukucha unauma. Tangu watoto wetu waoe na kuolewa, chumba hiki kilibaki na sauti mbili, cherehani na mkoromo wa paka. Nikisimamisha cherehani sasa, nasikia shemeji akisimulia daraja lililobomoka, na Mwenyekiti akikoroma kwa kumkubalia.

Nimejiuliza shemeji ana nini. Sura? Hapana. Hadithi? Ana tatu, zote za matairi.

Alasiri nikapata wazo. Miaka kumi na mbili iliyopita mke wangu alinigomea siku nne. Siku ya tano akaja mteja mwenye kicheko kirefu kupimwa gauni. Akarudi kupimwa tena. Aliporudi mara ya tatu, mke wangu alileta chai mwenyewe mpaka chumba cha kushonea, akavuta kiti, akakaa. Hajanigomea tena.

Dawa ya wivu ni wivu. Nahitaji paka wa pili.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa Mama Mayai, muuza mayai wa nyumba ya tatu. Paka wake amezaa watatu. Nikaomba mmoja, nikasema ni wa kumpa Mwenyekiti mwenzake.

Akanipa masharti kama anayeniozesha binti. Nisiwakutanishe ghafla. Mtoto akae chumba chake, mlango ufungwe, wiki nzima. Nichukue kitambaa, nimpanguse mtoto, nikitandike chini ya sahani ya mkubwa. Kisha nikirudishe kwa mtoto na harufu ya mkubwa. Kila mmoja ale upande wake wa mlango. Wazoeane kwa pua kabla ya macho.

"Ukiwa na papara, fundi," akasema, "utakuja kujishona ngozi."

Nikamshukuru. Sikumwambia kwamba mimi sitaki wazoeane hata kidogo. Nataka mmoja aumie. Lakini hilo la kitambaa nimelipenda. Mume akirudi na harufu ngeni kwenye shati, hana haja ya kueleza.

Mtoto ni wa rangi ya chungwa, mkubwa kiasi cha kiatu cha mtoto. Nimemfungia stoo ya vitambaa. Mke wangu amemwita Katibu. Shemeji akapaza sauti kutoka sebuleni kwamba sasa kamati imetimia, na kwamba mimi nimebaki mjumbe asiye na kura. Wakacheka, yeye na dada yake. Mwenyekiti hakucheka, lakini hakushuka.

Alhamisi, 6 Juni

Operesheni imeanza. Asubuhi nimechukua kitambaa cha kijivu kilichokuwa mezani, kizuri, kizito, nikampangusa Katibu kichwa hadi mkia. Nikakitandika chini ya sahani ya Mwenyekiti.

Akaja. Akanusa. Akaganda! Nikasimama nyuma ya mlango, moyo unapiga kama cherehani ya kanyagio. Nilimwona wazi akiwaza: kumbe yuko mwingine.

Kisha akalala juu ya kitambaa, akajiviringisha, akafumba macho. Nikamwonyesha mke wangu. Nikamwambia yale ni majonzi. Akasema ule ni usingizi. Akauliza pasi.

Jioni nimekirudisha kitambaa kwa Katibu kama nilivyoelekezwa. Halafu nikaongeza jambo langu mwenyewe: nikampakata Katibu kifuani, nikapita naye mlangoni mwa sebule mara nne nikimwimbia. Mara ya nne Mwenyekiti alifumbua jicho moja. Moja! Katibu akanikwaruza shingo. Shemeji akaniuliza kama mtoto anachelewa kulala.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa.

Nina koti la Mwalimu Mkuu. Mama mmoja mrefu, hana maneno mengi, na hayo machache anakupa kama alama za mtihani. Kesho asubuhi anakuja kulijaribu, Jumatatu anahutubia wazazi. Leo nimekaa kuunganisha mikono. Mkono wa kulia upo. Wa kushoto haupo.

Nimepekua kapu la vipande. Nimepekua kabati. Nimemtilia shaka shemeji, nikamwinua kitini na goti lake. Mwenyekiti akanitazama kwa dharau, akarudi pale pale goti liliporudi.

Mke wangu akauliza mkono wenyewe ukoje. Nikasema wa kijivu, mzito, mzuri. Maneno yakanikwama mdomoni. Yeye akageuka. Akaenda stoo, akarudi na mkono wa koti mikononi, Katibu amelala ndani yake, kichwa kimechomoza kwenye tundu la kiganja.

Nimeufua. Nimeukausha. Nimeupiga brashi mpaka mkono wangu mwenyewe ukafa ganzi. Kwa kuwa pasi hakuna, nimeuweka chini ya mto wa kiti, nikaukalia saa mbili nikimsikiliza shemeji na daraja lake. Mke wangu akasema fundi wa pasi yuko mtaa wa pili tu. Nikamwambia mtu mwenye mkono uliopotea hana nafasi ya kutembea.

Nimeushona. Kwa macho haujulikani. Kwa pua, tuyaache.

Jumamosi, 8 Juni

Mwalimu Mkuu amefika saa tatu kamili. Amevaa koti, amesimama mbele ya kioo. Nimepiga magoti na pini mdomoni.

Stoo nilikuwa nimeifunga. Nilikuwa nimeifunga jana. Leo nilikuwa nimeingia kuchukua vifungo.

Katibu akatoka mbio, akanusa hewa, akapanda sketi, akapanda mgongo, akafika mkono wa kushoto na kulala juu yake kama mtu aliyefika kwao. Mwalimu Mkuu hakusogea. Nadhani alikuwa amezoea watoto.

Ndipo akaja Mwenyekiti. Kutoka sebuleni! Amelitelekeza goti! Kitu nilichokiota siku tano. Nikatema pini. Akaruka mezani, sehemu yake ya zamani, akamkazia macho Katibu aliyekuwa kwenye mkono ule. Nikasema moyoni, sasa. Sasa atawaka.

Akanusa mkono wa koti. Akamnusa Katibu. Akanusa mkono tena, kwa utulivu, kama mtu anayelinganisha sahihi mbili. Kisha akatoa ulimi, akamlamba Katibu kichwani.

Mwalimu Mkuu akautazama mkono wake, akanitazama mimi.

"Fundi," akasema, "mkono huu umelala wapi?"

Nikasema kwenye stoo. Sikudanganya. Akasema ni mfupi kidogo kuliko wa kulia. Nikasema nitaurefusha. Akamshusha Katibu mwenyewe, taratibu, akamweka kando ya Mwenyekiti. Wakaondoka pamoja, mkubwa mbele, mdogo nyuma.

Kwenda wapi? Mahali hapo sitapataja.

Jumapili, 9 Juni

Goti la shemeji sasa lina wawili. Wanalambana. Mwenyekiti hajawahi kunilamba mimi. Miaka tisa! Mtoto mwenye siku nne humu ndani analambwa masikio yote mawili.

Nilikuwa namwonea wivu mtu mmoja. Sasa wamekuwa watatu, pamoja na goti.

Nimekwenda kwa Mama Mayai kumrudisha Katibu. Nilikwenda mikono mitupu, kwa sababu Katibu alikataa kutoka chini ya taulo, lakini nia nilikuwa nayo. Akanisikiliza huku akipanga mayai kwenye trei. Akauliza kama wamepigana. Nikasema wanalambana. Akaweka yai chini. Akasema watu hupambana wiki mbili, tatu, paka hawaivi chungu kimoja, na mimi nimewapatanisha siku tatu. Akasema nina mkono mzuri. Akataka kujua siri.

Nikasema sufu ya kijivu. Akanikaribisha kiti. Sikukaa.

Nyumbani mke wangu alinikuta namtazama Mwenyekiti kutoka ukumbini. Akasimama kando yangu. Hakunitania.

"Ukitaka akae na wewe," akasema, "si ungetengeneza pasi."

Nampenda sana mke wangu, lakini katika mambo ya moyo ana upofu.

Jumatatu, 10 Juni

Wamenidhalilisha ndani ya nyumba yangu. Nimetoka kumpelekea Mwalimu Mkuu koti lake. Mikono imelingana, naye amesema "inatosha", alama ya juu ambayo sijawahi kuipata kwake. Kurudi namkuta shemeji ameifungua pasi yangu juu ya kiti kirefu, bisibisi mkononi, paka wawili wanasimamia. Dada yake ndiye aliyempelekea. Shemeji amesema waya ulikatika tu, karibu na kishikio, kazi ya dakika kumi. Madereva wa lori, akasema, hawasubiri fundi porini.

Nikaipokea bila kumtazama. Nikaiwasha saa nane kamili, kwa hasira, ili nionekane nina kazi.

Saa nane na dakika saba Mwenyekiti aliingia chumba cha kushonea.

Alipanda mezani. Upande wa kushoto, kando ya pasi. Pale pale! Akakunja miguu, akafumba macho, akaanza kukoroma. Katibu akajaribu kupanda, akaanguka, nikamsaidia. Akajibanza ubavuni mwa mwenzake.

Amerudi! Wivu umefanya kazi yake. Ulichelewa kidogo, kama dawa zote za kweli. Lazima alilala akiwaza, akajilinganisha na yule mdogo, akaona atanipoteza. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Akaitazama pasi. Akamtazama paka. Akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kuosha vikombe. Najua. Kuna furaha zinazomziba mtu kauli.

Shemeji naye nimemchungulia. Goti tupu. Nikamwonea huruma, nikampelekea chai. Aliyeshinda hana haja ya kukanyaga. Nikamwambia asinune, paka hana ndoa.

Jumanne, 11 Juni

Siku njema kuliko zote. Wamekaa na mimi tangu asubuhi, wote wawili. Nimepiga pasi mishono yote iliyolala wiki nzima. Nimepiga pasi mapazia. Nimepiga pasi vitambaa vya kufutia vyombo. Sikutaka kuinuka.

Nimelifikiri jambo hili kwa kina na nimefikia uamuzi. Paka mmoja mgeni amemrudisha Mwenyekiti. Lakini wivu ni kama mshono, ukiushona mara moja unaachia. Wa pili akizoeleka, anahitajika wa tatu wa kuukaza. Mama Mayai amebakiwa na wawili.

Saa kumi na moja nimezima pasi, nikawaaga pale mezani, nikaenda. Mama Mayai akanipa mmoja mweusi mwenye soksi nyeupe. Akaniuliza nitatumia kitambaa gani safari hii. Nikamwambia hicho niachie mimi.

Nimerudi saa kumi na moja na dakika arobaini, mtoto yumo mfukoni. Meza ilikuwa tupu. Nikaenda sebuleni. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amembadilishia shemeji maji ya moto ya chupa. Mwenyekiti alikuwa juu ya goti, Katibu juu ya Mwenyekiti. Huyu mweusi akachomoza kichwa mfukoni, akatazama pande zote, akaruka, naye akaenda huko huko.

Wamekwenda kumjulia hali mgonjwa. Ni ubinadamu huo, siwalaumu. Kesho asubuhi namfuata yule wa mwisho.

Nimekaa mezani peke yangu, naandika. Pasi imepoa.