Taa ya Chupa ya Achari

Jumatatu, 2 Machi 1953. Bagamoyo.

Mvua haijaanza. Joto limevuka mipaka ya adabu. Leo imefika barua ya serikali kwa tajiri wangu, Bwana Jaysukh, mwenye ghala la petroli ambalo mimi, Msabaha bin Mgeni, ni karani wake kwa mwaka wa sita. Mkaguzi atakuja Jumatatu ijayo. Ghala likionekana la hatari, leseni itafutwa. Bwana Jaysukh alinieleza kwa upole kwamba pasipo ghala hapana karani. Maneno machache, lakini yamekata.

Maana yake ni kurudi kijijini Zinga. Maana yake ni shamba la mihogo la kaka yangu Alawi, ambaye tangu nijifunze kusoma kwa juhudi zangu mwenyewe hajaacha kuniuliza kama kalamu inapalilia.

Barua nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa kusimama. Yasema kwamba mvuke wa petroli hauonekani, hutambaa chini, na ukikutana na cheche ndogo kama punje ya mtama, ghala zima huruka. Kwa hiyo taa ya umeme ya ghalani sharti iwe imefungwa barabara ndani ya kioo, na swichi yake ikae nje. Harufu kali ya petroli ni dalili mbaya. Nimeelewa yote! Bwana Jaysukh aliuliza kama ingefaa kumwita fundi kutoka Dar es Salaam. Nikamsihi asijisumbue.

Jumanne, 3 Machi.

Nimetwaa madaraka. Nimebandika mlangoni tangazo lenye ibara kumi na moja. Ibara ya kwanza: tochi marufuku. Mwinshehe, dereva wa lori letu, akaja na tochi yake mfukoni kama ilivyo desturi yake mbaya. Nikamzuia. Akasema hajui kusoma, nimsomee. Nikamsomea. Tulipofika ibara ya nne alikuwa amekwisha keti. Hatimaye akanikabidhi tochi, akisema, "Haya, Bwana Waraka, chukua, usije ukanishtaki kwa Gavana." Wapakiaji wakacheka. Sikucheka. Gavana nimemwandikia mara mbili tu.

Jumatano, 4 Machi.

Taa ipo! Nimeiunda kwa mikono yangu. Globu ya lori ndani ya chupa kubwa ya achari, kifuniko kimezibwa kwa lami. Umeme watoka katika betri kuukuu ya lori. Swichi iko nje, kama ilivyoagizwa. Betri nimeiweka ndani, isiibiwe.

Chupa niliiazima kwa Bibi Kanta, mke wa tajiri, wakati mwenyewe hayupo. Achari yake ya maembe niliihamishia kwenye birika la chai, isiharibike. Alasiri alitaka chai. Alinena mambo kwa Kigujarati ambayo sikuomba yafasiriwe.

Alhamisi, 5 Machi.

Mwinshehe ameuliza betri inafanya nini ghalani. Nikamjibu kwamba barua haikutaja betri. Akasema petroli nayo haikuisoma barua, ndugu yangu. Akaibeba hadi uwanjani, mbali kabisa, akagusisha waya kwenye ncha zake mbili. Cheche! Ya buluu, ndogo kama jicho la panya.

Nikachomeka kalamu sikioni. Kisha nikamfahamisha kwamba nami nilikuwa nimekusudia kuitoa kesho.

Betri sasa iko nje, ndani ya sanduku. Taa inawaka. Bwana Jaysukh aliingia, akatazama juu, akasema pana harufu ya achari. Laiti ingekuwa achari peke yake!

Jumamosi, 7 Machi.

Harufu ya petroli ndiyo dalili mbaya. Barua imenena wazi. Nimefunga madirisha yote, isije ikatoka ikamfikia Mkaguzi njiani. Mwinshehe akataka yafunguliwe. Nikamwuliza kama kwao mgeni hulakiwa na uvundo mlangoni. Akatikisa kichwa, akaenda kujaza upepo magurudumu.

Mchana akafika mjumbe kutoka Zinga. Kaka Alawi ameniletea jembe. Jipya, mpini tayari. Hakuna salamu iliyoambatana nalo. Nimeliegemeza ukutani mwa ghala na kuligeuzia mgongo.

Jumatatu, 9 Machi.

Nitaandika kwa utaratibu.

Mkaguzi alifika saa tatu. Nikamlaki kwa hotuba fupi, naye akaivumilia hadi nusu. Akakagua betri. Akakagua swichi. Kupitia kioo cha dirisha akaitazama taa yangu kwa muda mrefu, akauliza kwa Kiswahili chake cha bara kama ile ni chupa ya achari. Nikathibitisha: ya embe. Akaandika kitu. Kisha akataka mlango ufunguliwe.

Hapo ndipo nilipotekeleza azma yangu. Mtu wa pwani hamwingizi mgeni wa heshima katika nyumba inayonuka. Nikazunguka nyuma ya ukuta, nikatokea na chetezo cha dada yangu Mwanaharusi, makaa mekundu, udi ukifuka kwa uzuri usio kifani, nikaelekea mlangoni ili nifukize kabla hajaingia.

Zilibaki hatua chache. Mwinshehe hakusema "Bwana Waraka." Alisema "Msabaha!" tu, akanipokonya chetezo kwa kiganja kitupu, akakikimbiza kando na kukizika katika ndoo ya mchanga.

Mkaguzi alikuwa amekwisha fika barabarani. Bwana Jaysukh alikuwa ameketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake nyeupe. Mimi nilikuwa nimesimama, nikifahamu polepole kwamba makaa nayo ni moto. Katika ibara zangu kumi na moja hayamo.

Madirisha yakafunguliwa, moja likashikizwa wazi kwa jembe la kaka Alawi. Baada ya saa nzima Mkaguzi akarudi, akatoa uamuzi. Leseni itaendelea kwa miezi mitatu, kwa masharti mawili: fundi wa kweli aweke taa ya kweli, na karani asivuke kizingiti cha ghala. Meza yangu iwe nje, hatua hamsini.

Siendi Zinga! Bwana Jaysukh alisema nimshukuru Mwinshehe, si yeye.

Jumanne, 10 Machi.

Nilikwenda kwa Mwinshehe na asali. Kiganja chote kimetoka malengelenge. Nilikuwa nimemwandikia shukrani za ibara sita, nikamsomea. Ibara ya pili alisinzia. Nikaendelea kwa sauti ya chini hadi mwisho. Alipozinduka akauliza kama nimefika penye "mtumishi wako mtiifu." Nikasema nimefika. Akasema basi ni nzuri sana, nimwekee. Sikuweza kuondoka upesi.

Alhamisi, 12 Machi.

Meza yangu iko nje, na sanduku la betri limehamishiwa kando yangu. Nimeyatafakari masharti ya Mkaguzi. Ni dhahiri kwamba amenipandisha cheo: makarani wengine husimamia ghala kwa ndani, mimi nasimamia mazingira yake yote. Nimeanza kuandika ombi la kofia yenye nembo.

Kasoro ni moja. Betri ikitoka kutiwa umeme kwa injini ya lori, huchemka na kutoa harufu kali. Mwinshehe, mkono ukiwa katika bendeji, ameniambia sanduku liachwe wazi lipumue, kwani mvuke ule nao hulipuka. Nikamjibu kwamba barua haikutaja betri.

Sanduku nimeliziba kwa lami pande zote. Kwa ile harufu iliyokwisha kutoka, nimetuma mtu kwa dada Mwanaharusi kuuliza kama chetezo kimekwisha kung'utwa mchanga.