Kilo Thelathini na Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku ya arobaini na moja ya ndoa yangu. Siku ya nne kambini. Nimeamka nikaubusu mto nikidhani ni mke wangu. Mke wangu! Naandika tena kwa sababu inapendeza: mke wangu.

Habari kubwa leo. Mashine mpya imeshafungwa kwenye mtambo wetu wa kuchimba mafuta. Miaka sita nimekuwa mshika breki. Nasimama juu ya kisima, mkono kwenye wenzo wa chuma, nateremsha mabomba ardhini taratibu huku nikisikiliza keekee inavyosaga mwamba kule chini. Jioni bega la kulia linakuwa si langu tena. Sasa wenzo umeng'olewa. Badala yake kuna kibanda cha vioo chenye kiyoyozi, na ndani yake kiti. Kiti gani! Cheusi, cha ngozi, na kila upande kina kipini kidogo cha kuongozea. Kompyuta inachimba yenyewe. Mwamba ukiwa mgumu inajua. Shinikizo likipanda kisimani inajua. Mtu anakaa tu na kutazama.

Aliyeileta ni mhandisi mmoja, dada mfupi asiyecheka. Ametutangazia kwamba kampuni inafungua chumba cha kuongozea mtambo kutoka mjini. Mjini! Dakika ishirini kwa miguu kutoka mlangoni kwangu! Atakayepewa kiti cha kule atalala kwake kila siku ya Mungu. Anatakiwa mmoja: mimi au Kidole. Tutapimwa wiki hii, mimi asubuhi, yeye mchana. Uamuzi Jumamosi.

Kidole tunamwita hivyo kwa sababu kila kitu anakigusa kwa kidole kimoja, kana kwamba dunia nzima ina rangi mbichi. Ana ndoa ya miaka kumi na tisa. Ya nini yeye kulala nyumbani? Mimi nina siku arobaini na moja. Haki iko wazi kabisa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimekaa kitini. Raha! Lakini mikono haikutulia. Mashine ikiteremsha bomba, naisaidia. Ikipunguza mwendo, naisukuma kidogo. Miaka sita ya ufundi, nikunje mikono kama mgeni sebuleni?

Baada ya zamu mhandisi akasema kila mguso wa kipini unaandikwa pamoja na saa yake. Yangu ilikuwa mia mbili kumi na minne. Kidole sita, na mitatu alikuwa akipangusa vumbi. Mhandisi akaniuliza kama nina upele. Nikamjibu ule ni uzoefu.

Nikampigia mke wangu. Mtandao kambini unapatikana sehemu moja tu: ngazi ya tangi la tope, kipandio cha tatu, uso kuelekea chooni. Nikamwambia mashine imeanza kunizoea. Akauliza kama mashine ndiyo inachimba, mimi nafanya nini. Nikasema naisimamia. Akasema basi kama kazi ni kukaa, mume wangu, si ukae tu?

Maskini. Yeye fundi cherehani, atajua nini kuhusu visima? Lakini sauti yake! Cherehani inanguruma nyuma, na mimi nikisema neno ananijibu "mm". Hakuna "mm" kama ile duniani.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Tatizo. Mchana mke wangu ana wateja. Nafasi yake ni saa tatu asubuhi, na saa tatu mimi niko kitini. Kiti nacho kina akili: nikiinuka, mtambo unasimama na king'ora kinalia. Nimejaribu kuinua tako moja. Skrini ikawa ya njano. Nikalirudisha.

Ndipo nikaiona mifuko. Udongo wa kuchanganyia tope la kuchimbia, kilo hamsini kila mfuko, rundo zima hatua kumi kutoka kibandani! Nikaburuta mmoja. Mfuko ukaingia kitini kwa kulia, mimi nikatoka kwa kushoto. Skrini kijani! Kwa kuwa kuna kamera nyuma ya kiti, nikauvika koti langu na kofia yangu ya chuma. Kwa nyuma ulinipendeza kuliko ninavyojipendeza mwenyewe. Mabega yamekaa vizuri.

Dakika arobaini na mbili za mapenzi! Nikamweleza mke wangu jinsi jua lilivyochomoza likiwa na rangi ya lile gauni lake la siku ya tatu ya ndoa. Akasema "mm". Nikamwambia nyumba yetu itakuwa na roshani. Akasema "mm", ndefu kidogo.

Niliporudi mfuko ulikuwa umetulia vilevile. Nikaushukuru.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimesifiwa! Kwenye kikao cha asubuhi mhandisi amesema jana, kuanzia saa tatu na dakika kumi hadi saa tatu na dakika hamsini na mbili, mtambo ulichimba vizuri kuliko muda wowote tangu mashine ifungwe. Hakuna mguso hata mmoja. Utulivu wa ajabu, amesema. Msimamizi wa mtambo akanipa mkono mbele ya watu. Kidole akanitazama akiwa ameinamisha kichwa upande, akaniuliza nilikunywa dawa gani. Nikamwambia uzoefu.

Saa tatu nikamwita mwenzangu mfuko, nikakimbilia ngazini. Mke wangu akafurahi, akamwambia mama mkwe palepale, maana alikuwa ameketi naye. Mama mkwe hajawahi kuielewa kazi yangu. Siku ya posa aliuliza mbele ya wazee ni kazi gani hiyo ya kushika breki ya kitu kisichokwenda popote. Leo ameomba simu, ameniita "mwanangu"! Ameagiza mapazia mapya yashonwe, kwa kuwa sasa bwana atakuwa nyumbani kila siku.

Nimerudi baada ya saa nzima. Skrini nyekundu. Gesi ilikuwa imesukuma kutoka chini. Mashine, yenyewe, ikasimamisha kuchimba, ikainua bomba, ikafunga mdomo wa kisima, kisha ikauliza kwa maandishi makubwa kama opereta yuko tayari kuendelea. Ilikuwa imeuliza mara nne. Mfuko haukujibu.

Nikabonyeza "Ndiyo". Chini ya kibanda palikuwa na wanaume kumi na mmoja wakifunga mabomba. Nikawafikiria kwa muda.

Kisha nikafikiria mapazia.

Mhandisi alipokuja kuuliza kwa nini nilichelewa kujibu, nikasema nilitaka kuona mashine ingefanya nini. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Kirefu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mhandisi amejifungia na kompyuta yake. Nimeuacha mfuko kwenye rundo leo, kwa tahadhari. Miguso mia moja tisini. Napata nafuu.

Kidole kanipita mlangoni mwa bwalo, akasema, "Bwana harusi, kile kiti kinajua mengi." Nikacheka. Wivu huo.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Kikao. Watu wote. Mhandisi akawasha skrini ukutani. Mstari mmoja mnyoofu umeandikwa 82. Akaeleza kwamba kiti hupima uzito wa anayekikalia, kila dakika. Sikujua! Nani hupima watu kwa makalio?

Jumatano saa tatu na dakika kumi, mstari ukaporomoka hadi 50. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama nilikuwa naumwa. Nikasema mapenzi mapya humkondesha mtu. Akasema amesikia, lakini saa tatu na dakika hamsini na mbili nikarudi 82. Akataka kujua nilikula nini.

Bwalo zima likapasuka. Mpishi alishika ukuta. Kidole, asiyesema maneno kumi kwa wiki, akainua kile kidole chake na kusema kwamba kwa haki kiti cha mjini apewe mfuko.

Msimamizi pekee hakucheka. Akasubiri kelele ziishe. Akauliza nani walikuwa chini ya mtambo Alhamisi saa tatu na nusu. Mikono ikainuka, mmoja mmoja. Kumi na mmoja. Akasema hao wote walikuwa wakilindwa na udongo mkavu uliovaa kofia. Kicheko kikafa. Nikatazama viatu vyangu. Vinahitaji kamba.

Kidole anakwenda mjini. Mimi nimehamishiwa ghalani, kutunza mifuko.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Ghalani mtandao umejaa mpaka juu! Nikampigia mke wangu, nikamweleza yote. Akacheka mpaka mkasi ukamdondoka.

Halafu akasema na yeye ana la kuungama. Zile simu za saa tatu alikuwa akiiweka simu juu ya meza ya cherehani, anashona, na kila uzi ukiisha anasema "mm". Jumatano alitoka kwenda kununua vifungo. "Mm" ile ndefu ilikuwa ya mama mkwe.

Kwa hiyo mfuko ulikuwa kazini kwa niaba yangu, na mama mkwe kwenye mapenzi kwa niaba yake! Kuna wanandoa wanaofanana hivi? Nililia kwa furaha juu ya kilo elfu kumi na mbili za udongo.

Kisha sauti yake ikabadilika. Akaniuliza wale kumi na mmoja wana watoto wangapi. Nikasema sijui. Akasema afadhali amngojee wiki mbili mume anayekaa alipoambiwa akae, kuliko kulala kila siku na mtu aliyewaachia watu mfuko. Nikamwahidi. Nikaapa. Nikamaanisha kila neno.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Nyumbani! Mapazia yametundikwa, yana maua. Mke wangu ananukia chaki ya kushonea. Nimezaliwa upya.

Kidole amepita kunisalimia akitoka kazini, kwa miguu, hana haraka. Amesema Septemba wataongeza kiti cha pili mjini na mhandisi atawapima watu upya. Siku hizi kuna kitufe pia, lazima kibonyezwe kila dakika tano. Hilo dogo, nitalifikiria. Kosa lilikuwa moja tu, na lilikuwa la hesabu.

Nimemwomba mke wangu anishonee mfuko mdogo, imara, wa kutosha kilo thelathini na mbili, wa kuwekwa juu ya ule wa hamsini. Ameuliza ni wa nini. Nimesema ni siri ya mapenzi. Amesema "mm".

Asubuhi hii, kwa uhakika tu, nimepanda mizani ya duka la jirani. Themanini na tano. Mapishi yake! Itabidi aongeze kitambaa.