Namba 0268 ni ya Nani?

Jamani, leo nimejianika mwenyewe juani, mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Na mpaka sasa sijaelewa vizuri ilikuwaje. Nawasimulia labda mmoja wenu atanielewesha. (Vicheko viwekeni pembeni kwanza.)

Kwa wasionijua, naitwa Shamte. Nachaji simu za watu kwa sola huku deltani, ng'ambo ya Mbuchi. Kijijini kwetu mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu, na kichuguu chenyewe kiko nyuma ya banda langu. Kwa hiyo kila anayekwenda kutibiwa Kibiti, akiulizwa namba ya simu pale kliniki, anaandikisha yangu. Meseji ikija naisoma, naiandika kwenye karatasi, naikunja mara nne, nampelekea mwenyewe mlangoni. Sijawahi kumwambia mtu ya mwenzake. Bi Tatu muuza vitumbua, mtani wangu wa Kimatumbi, kanihonga vitumbua mara nyingi nimtajie nani anaumwa nini. Vitumbua nimekula. Siri sikutoa.

Na mimi ninayo yangu. Nina busha. Dogo. (Si dogo sana.)

Huku kwetu busha lina maneno mengi, na mimi nimepeleka barua ya posa kwa Mzee Ngwele, nimuoe binti yake, Zuhura. Wiki ya tatu hii sijajibiwa. Mzee akisikia, nilijua, barua inarudi kama ilivyokwenda. Ndiyo maana siku tisa zilizopita niliaga naenda Ikwiriri kuulizia bei ya ufuta, nikateremkia Kibiti kwenye ile kliniki. (Shamba la ufuta sina.)

Nesi akanisomea utaratibu mpya: taarifa za mgonjwa ni siri, hapewi mtu bila ridhaa yake, na meseji zao sasa hazitaji jina wala ugonjwa, zinataja namba ya kadi tu. Niliupenda sana utaratibu huo. Akasema zamu yangu ya kupasuliwa itafika baada ya miezi miwili. Nikachukua kadi bila kuisoma, nikafika nyumbani nikaitia ndani ya redio mbovu, nikakaza skrubu zote nne. Nikatulia.

Leo saa tatu asubuhi simu ikalia. Meseji kutoka kliniki: "Mwenye kadi namba 0268, nafasi yako imepatikana mapema. Thibitisha kabla ya saa sita mchana leo, la sivyo atapewa mwingine."

Nikasoma mara tatu. 0268 ndiyo nani?

Mimi nilishajiwekea kichwani miezi miwili, basi hata sikujifikiria. Akili yote ilikwenda kwa watu wengine. Mtu ana nafasi yake ya kutibiwa, zimebaki saa tatu tu ipotee, na hajui! Nikaona jukumu limenikalia shingoni.

Nikapanda kichuguuni nikaita, "Mwenye kadi sifuri mbili sita nane! Kuna ujumbe wako!"

Sasa nani ajitokeze mbele za watu aseme ndiye mgonjwa? Ila waliotaka kumjua mgonjwa walijitokeza haraka sana. Kufumba na kufumbua watu kama kumi wamesimama chini ya kichuguu. Nikawaambia kila mtu akalete kadi yake, niangalie kwa siri. Mmoja kadi yake imeliwa na panya. Mwingine imeangukia mtoni. Wa tatu akasema yeye hajaugua tangu azaliwe, na mimi nimempelekea karatasi tano mwaka huu.

"Huyo mgonjwa nami nataka kumjua," Bi Tatu akasema, kaja na beseni lake la vitumbua kichwani. "Wataja namba kama bahati nasibu. Mtaje mtu!"

"Bi Tatu, mimi mwenyewe simjui."

"Wewe ndo mwenye simu, usimjue?"

Kweli, inakuwaje ujumbe uje kwangu, niusome mimi, halafu niwe wa mwisho kujua ni wa nani?

Saa nne na nusu nikakumbuka kitu. Mzee Ngwele mwenyewe alikwenda Kibiti mara mbili mwezi uliopita, na hakuna aliyejua alifuata nini. Mzee mzito, hana maneno, mtu wa namna hiyo ndiye huficha maradhi. Nikasema, hapa nimeokoa mtu, tena nimemwokoa baba wa Zuhura! (Naona aibu kuandika hivi, lakini nilijiona shujaa.)

Nikamkuta nyuma ya nyumba anashona wavu. Zuhura anapepeta mchele pembeni, akainamisha uso aliponiona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nikachuchumaa, nikanong'ona. "Mzee, usione haya. Ugonjwa ni kawaida ya binadamu. Ile kadi yako ya kliniki ni namba ngapi?"

Akaacha sindano ya wavu hewani. "Kadi gani?"

"Ya kule Kibiti. Nafasi yako imetoka, lakini ni kabla ya saa sita."

"Nani kakwambia mie naumwa?"

"Hakuna mzee, nimehisi tu..."

"Umehisi! Umepeleka barua kwangu kutaka binti, sasa unanizushia maradhi? Mie Kibiti nilifuata injini ya boti!" Akainuka na wavu ukamwanguka. Zuhura ungo umesimama mkononi. Nikaona posa yangu inaondoka hivihivi naitazama.

"Haya, twende," akasema mzee.

"Wapi?"

"Kwenye hicho kichuguu chako. Ukapige simu kliniki mbele za watu, wakutajie mgonjwa wao, kila mtu ajue si mie."

Tukaenda. Mzee mbele, mimi nyuma, Zuhura nyuma yangu na ungo wake. Njiani watu wakaungana nasi bila kuulizwa. Tulipofika pale sasa ni watu arobaini hivi, na Bi Tatu anauza vitumbua kama siku ya maulidi.

Nikapanda. Nikapiga. Mzee akaamuru kutoka chini, "Weka spika! Sote tusikie."

Nikaweka spika. (Hapo. Kosa la kwanza ni hapo. Au la nane, sijui.)

"Kliniki, habari za saa hizi?" Sauti ya nesi, ileile iliyonisomea utaratibu.

"Njema. Nimepata ujumbe wa kadi 0268. Naomba kujua ni nani huyo."

"Wewe ndiye mhusika?"

"Hapana, mimi ni mwenye simu."

"Samahani, siwezi kukwambia. Taarifa za mgonjwa ni siri."

"Lakini mmenitumia mimi!"

"Tumemtumia mhusika, kwa namba aliyoiandikisha."

"Aliandikisha namba yangu!"

"Basi mwite uzungumze naye."

"Nimwite nani?"

"Mhusika."

"Ndiyo nani?"

"Siwezi kukwambia, kaka. Ni siri."

Watu chini wanageuza shingo, mara kwangu mara kwenye simu. Nikajaribu tena, akanijibu yaleyale, kwa upole uleule. Saa imefika sita kasoro dakika ishirini. Mzee Ngwele kakunja mikono anangoja jina lake lisafishwe.

Basi nikapata wazo. (Mniombee. Mawazo yangu yanahitaji kisomo.) Nikasema nitajifanya ndiye mgonjwa, nesi afunguke, tulijue jina, mambo yaishe.

"Sikiliza nesi," nikasema. "Ukweli ni kwamba mhusika ni mimi."

"Si umesema siye wewe?"

"Nilikuwa naona haya."

"Pole. Wengi wanaona haya. Uko peke yako hapo, mahali pa faragha?"

Nikatazama watu arobaini. "Niko peke yangu kabisa."

Wakajiziba vinywa. Bi Tatu alijiziba kwa kitumbua.

"Nitakuuliza maswali machache ya kuhakikisha. Jina la mama mzazi?"

Nitaje mama wa nani? Kichwa kitupu. Nikataja wa kwangu. "Halima."

"Mwaka wa kuzaliwa?"

Nikataja wangu.

"Ulizaliwa wapi?"

"Mbuchi."

"Asante. Taarifa zote zimelingana."

Jamani, nilishangaa! Nikajiambia, kumbe siri zenyewe ndivyo zinavyolindwa? Mtu anataja mama yeyote anayemjia kinywani na anakubaliwa? Nikamkonyeza Mzee Ngwele kumwonyesha nilivyo mjanja. Nikasimama wima, nikainua simu juu ili hata wa nyuma wasikie jina.

"Sasa, Bwana Shamte," nesi akasema, "ni kuhusu lile busha lako."

Wallahi, nilimhurumia huyo Shamte. Niligeuka kabisa kumtafuta kwenye watu. Shamte gani tena, kijiji hiki? Nikawa nahesabu kichwani akina Shamte ninaowajua, nikafika mmoja, nikarudia, nikafika mmoja.

"La upande wa kushoto," nesi akaendelea. "Mwenzako mmoja ameahirisha, kwa hiyo daktari atakupasua kesho asubuhi badala ya miezi miwili."

Hapo ndipo nilipojitambua. Nikakimbilia kuzima spika. Kidole kikagonga kitufe cha sauti. Ikaongezeka. Nesi sasa anasikika mpaka kwenye majaruba ya mpunga!

"Usile kitu kuanzia saa sita usiku. Njoo na chupi mbili za kubana, mpya, zikushike vizuri baada ya upasuaji. Na uje na ndugu wa kukusindikiza, maana kurudi hutaweza kupanda pikipiki. Bwana Shamte? Unanisikia?"

Kila mtu alinisikia nikisikia. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Zuhura kajifunika uso kwa ungo. Nilitamani kichuguu kifunguke mchwa wanipokee.

"Bwana Shamte, unathibitisha? Nina watu wanaingojea nafasi hii."

Hapo niwaulize nyie wenye akili, ningesema nini? Nikisema ndiyo, nimekiri mbele ya baba wa binti ninayemposa. Nikisema siyo mimi, nafasi inakwenda, nabaki na busha, na aibu pia nabaki nayo.

Mzee Ngwele akaanza kupanda kichuguu. Polepole, kanzu kaishika mkononi. Nikasema leo nachapwa kofi, tena kwenye spika, mpaka Kibiti wasikie. Akafika, akaninyang'anya simu.

"Binti yangu, huyu atakuja. Nitamleta mwenyewe."

"Samahani baba, nani mwenzangu? Hii simu ilikuwa ya mgonjwa, naye yuko peke yake."

"Nimefika sasa hivi."

"Siwezi kuzungumza nawe habari zake mpaka nijue. Wewe ni nani kwake?"

Mzee akageuka. Akanitazama kuanzia juu, akashuka, akafika pale mnapopajua, akarudi juu. Akamtazama Zuhura. Ule ungo uliteremka kidogo, yakaonekana macho.

"Baba mkwe wake," mzee akasema.

"Mgonjwa, ni kweli? Unaridhia baba mkwe wako apewe taarifa zako?"

Sikujua naulizwa kuhusu kliniki au kuhusu ndoa. "Naridhia!" nikapiga kelele. "Naridhia, naridhia!"

Bi Tatu akaachia vigelegele, na wanawake wote wakampokea.

"Hao ni akina nani?" nesi akauliza.

"Redio," mzee akajibu, akakata simu.

Akanirudishia. "Busha hupasuliwa likaisha," akaniambia taratibu, ingawa wote walisikia. "Wiki zote hizi mie nilikuwa nakupima ujinga, na huo sijui kama kuna daktari. Kesho alfajiri uwe kwenye boti."

Bi Tatu kanisubiri chini. Kanipa vitumbua vinne, akasema nile vyote kabla sijafungiwa kula, na kwamba chupi za kubana atazinunua yeye, zawadi ya harusi. Zuhura kapita na ungo wake bila kusema neno, ila mabega yalikuwa yanatikisika. Sijui analia au anacheka. Nimewaza tangu saa sita mpaka hivi alasiri na bado sijajua.

Basi ndiyo hivyo. Namba 0268 ni yangu, na siri yangu iko salama kwa nesi mmoja na kijiji kizima. Tafadhali sana ninyi msimwambie mtu.